Jenereta ya Liwatoni na Radhi za Mama

Kuwait, 9 Oktoba 1967

Dada yangu Mwanatumu,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji Jamaldin, na kila anayelala chini ya dari ile. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na joto la huku ndiyo kwanza linaanza kutuhurumia. Kazi dukani ni nyingi. Redio mbovu za watu zimejaa mezani mpaka chakula cha mchana nakula nimesimama. Nasikia mtaani kwetu Mkanyageni siku hizi kila nyumba ina antena juu, na mimi niliyewafundisha watu kuzifunga sipo hata kusifiwa.

Sasa nisikilize. Baharia mmoja aitwaye Taib atakuletea sanduku. Ndani mna tepurekoda, ile mashine ya kunasa sauti. Usilifungue kwa kisu. Nimeikagua mwenyewe, nimeitia valvu mpya, zile taa zake za kioo za ndani, na nimekuwekea na tepu. Haya, usije ukanasa taarabu za harusini. Nimeituma kwa jambo moja tu.

Mwaka huu nimenuia kuhiji. Msafara wa magari unaondoka hapa siku za mwisho za Februari. Nawe wajua mtu haendi kule na mzazi wake hajamwia radhi. Tangu nilipoondoka wiki ya harusi yangu na binti ya mjomba, Mama hajalitaja jina langu. Nataka radhi zake, na nazitaka kwa kinywa chake. Usiniandikie wewe kwamba Mama ameniwia radhi. Samahani, dadangu, lakini nakujua: ungeandika hivyo hata kama Mama amekutupia kiatu, ili mimi nipate usingizi. Kalamu yako ina huruma nyingi mno.

Basi itie mashine kwenye umeme wa ukutani, mkalishe Mama mbele yake, bonyeza kitufe chekundu pamoja na cheusi, mwache aseme. Ni kazi ya robo saa.

Ndimi nduguyo,
Zein


Mombasa, 2 Novemba 1967

Kaka Zein,

Salamu zimefika na zimepokewa. Sisi tu wazima. Jamaldin ameng'olewa jino, amekuwa akilia kuliko mtoto, na sasa ajifanya hakuumwa. Vuli imetushika vibaya, nguo hazikauki. Mama hajambo, ila goti lake lampigia kelele kila wingu likikaa.

Taib amekuja, Mungu ampe heri, sanduku halina hata mkwaruzo. Mama alilitazama, akauliza nani kaleta. Nikamwambia ni Zein. Akasema leo atapika bamia. Basi ndiyo hayo.

Ati kazi ya robo saa! Kaka, nyumba hii haina umeme. Mwezi wa tisa nyaya za darini ziliungua, moshi ukatutoa nje na leso moja moja. Watu wa umeme wakaja wakakata, wakasema hawaturudishii mpaka nyumba nzima ifungwe nyaya mpya. Nyaya mpya zangoja saini ya mtu, na mtu huyo hajaweka saini. Hapo usinichimbe zaidi.

Najua utasema tupeleke mashine kwa jirani. Jirani anayetazamana nasi ni mjomba Abdulghafur. Binti yake Khairiya ndiye uliyemwachia hina mkononi. Nibishe hodi pale niseme, hebu tuazimeni umeme, Zein ataka radhi? Wataniitikia kwa maji ya moto. Na nyumba nyingine Mama hataki. Asema, "Mambo yangu na mwanangu siyapeleki kwenye kumbi za watu." Nilipenda alivyosema mwanangu, lakini sikumwonyesha.

Sasa Jamaldin amepata ufumbuzi, au asema ni ufumbuzi. Amenunua jenereta ndogo Liwatoni, kwa mtu aliyekuwa akiwashia taa kwenye mashua. Bei yake ilikuwa rahisi mpaka nikaingia wasiwasi. Imepakwa rangi nyekundu juu ya kutu, na ikiwaka yakohoa kama babu mwenye pumu. Ataka kuitia mashine yako kesho. Nimemwambia angoje nikuulize. Je, aitie?

Dadako,
Mwanatumu


Kuwait, 15 Novemba 1967

Mwanatumu,

ASIITIE! Salamu nitakutolea mwisho wa barua.

Jenereta za bei hiyo hazina adabu. Umeme wa ukutani hutoka kwenye mtambo mkubwa, huja umetulia. Huo wa Liwatoni hupanda na kushuka kila injini inapovuta pumzi. Globu ya taa yaweza kuvumilia, ikipasuka wanunua nyingine. Mashine yangu haivumilii. Ikipigwa na umeme wa juu kufumba na kufumbua, kwisha habari yake.

Msomee Jamaldin haya polepole, na umwangalie usoni kama anasikia. Jenereta iwekwe uani, mbali na dirisha, maana moshi wake unaua. Iwashwe peke yake kwanza, bila kitu, ipate moto, itulie. Kisha atie globu mbili kubwa, azitazame. Zikitoa mwanga mkali kupita kawaida, injini inakimbia mno. Zikipepesa, bado haijatulia. Na jicho pekee halitoshi, tafuteni fundi mwenye mita ya kupimia, isizidi volti mia mbili na arubaini. Akisharidhika huyo, ndipo mashine itiwe, na zile globu zibaki zikiwaka pamoja nayo, maana jenereta isipokuwa na mzigo wa kutosha hurukaruka. Pasi msitie. Feni msitie. Petroli msiiache ikaisha mashine ikiwa imo, kwa sababu injini ikifa kwa kwikwi, umeme nao unakuja kwa kwikwi.

Na hili mlishike kuliko yote. Wakati wa kuzima, mashine itolewe kwanza, injini ndiyo izimwe. Wakati wa kuwasha, injini kwanza, mashine mwisho. Jenereta isiwashwe hata mara moja na mashine imo ndani yake! Nimeona mashine nzuri za watu zikifa kwa njia hiyo, na mwenyewe amesimama anashangaa.

Ni nani huyo asiyeweka saini? Na Mama alipolitazama sanduku uso wake ulikuwaje? Wewe waniandikia bamia.

Salamu kwa wote.
Zein


Mombasa, 11 Desemba 1967

Kaka Zein,

Ramadhani karimu. Mfungo umetukuta salama, Mungu atakabali. Mtaa mzima wanukia viazi vya nazi kuanzia alasiri, na Jamaldin ananusa sufuria za watu njiani, nami namwambia funga yako imebaki jina tu.

Barua yako nilimsomea mara mbili, na nilimwangalia usoni. Alinuna, kisha akafanya ulivyosema. Na ni heri, kaka, ni heri! Globu ya kwanza iliwaka nyeupe kama jua, ikapasuka, vigae vikaanguka ndani ya ndoo ya nguo. Jamaldin akanitazama, nami nikaanza kuokota vigae nguoni. Nilikuwa namwonea huruma kidogo.

Basi akamleta Barnabas, fundi wa umeme wa relwe anayekaa Tudor, mtu wa bara, mpole, walijuana bandarini. Alikuja na mita yake. Akasema injini yakimbia kama imeiba. Akaizungusha skurubu fulani, akapima, akazungusha tena, mwisho akaishusha kidogo chini ya kiwango chako, asema bora mashine ivivie kuliko iungue. Tukampa futari akala nasi, akasifu kaimati za Mama, na Mama akamfungia nyingine.

Waya umepita dirishani mpaka chumbani kwa Mama juu. Shida ni msikiti. Wajua ulivyo, ukuta kwa ukuta na ua wetu, na muadhini wetu hana kipaza sauti, koo lake tu. Jenereta ikinguruma adhana haisikiki. Siku ya kwanza wazee walitutazama vibaya. Kwa hivyo Jamaldin ameweka sharti: muadhini akisema tu Allahu Akbar, injini yazimwa. Adhana ikimalizika, yawashwa. Nimemkumbusha sana juu ya kutoa mashine kwanza. Asema amesikia, amesikia, amesikia.

Mama bado hatujamnasa. Ramadhani ina kazi nyingi, goti nalo, na mara wageni. Usiwe na haraka.

Dadako,
Mwanatumu


Kuwait, 27 Desemba 1967

Dada yangu,

Nawatakia Idi njema kabla haijafika, maana barua zinachelewa. Mpe Barnabas salamu zangu. Fundi akitia mkono wangu moyo hutulia.

Lakini juu ya Mama hautulii. Goti! Wageni! Mwanatumu, mimi ni nduguyo, tumelala mkeka mmoja. Mtu hakosi nafasi ya kusema maneno matatu kwa mwezi mzima. Nambie kama amekataa. Siku zinakwenda, na mwenye msafara ameshaanza kuandika majina.

Waniuliza kimoyomoyo kwa nini mwaka huu, kwa nini siwezi kungoja. Nitakwambia, ila usimsomee Mama hapa.

Nimeoa. Huu ni mwaka wa tatu. Ni binti wa watu wa Lamu waliohamia huku zamani, mwanamke mwema, na sikuwaandikia kwa sababu ya aibu ya ile harusi niliyoivunja. Tumezaa mara mbili. Mvulana tukampa jina la baba, Kamaludin. Aliishi mwezi mmoja. Msichana alizaliwa Rajabu ya mwaka jana, nikampa jina la Mama. Mejumaa wangu hakufika hata siku ya kunyolewa. Nimewazika wote wawili kwa mikono yangu, na udongo wa huku ni mchanga mtupu, unaporomoka ukiuchimba.

Madaktari hawana la kusema. Mke wangu hasemi kitu, lakini siku moja aliniuliza kama niliondoka kwetu vizuri. Tangu siku hiyo sina raha. Kila nikiinua mikono kuomba mtoto naona nimeiinua mikono ya mtu asiye na radhi. Naogopa, dadangu. Naogopa ni mimi ninayewaua.

Mnase Mama. Nakuomba kwa haki ya Mungu.

Zein


Mombasa, 20 Januari 1968

Kaka yangu Zein,

Pole. Pole wewe, pole kwa wifi yangu nisiyemjua. Nimelia mpaka Jamaldin akadhani kuna msiba hapa mjini. Idi ilipita, watu walikuja, nilipika, sikujua nilipika nini.

Uliniambia nisimsomee Mama. Nilimsomea. Unitukane ukitaka. Na kabla ya hapo ni kweli nilikuwa nakuzungusha. Desemba alikaa mbele ya mashine, akaitazama ikizunguka, akasema, "Sineni na sanduku mimi," akaondoka kwenda kutia uji motoni. Sikuwa na moyo wa kukuandikia hilo.

Nilipofika kwenye jina la yule msichana alinishika mkono. Akasema, "Soma tena." Nikasoma. Akasema, "Wamemzika na jina langu?" Kisha siku kadhaa zikapita yuasali tu, hata chumvi haombi.

Ijumaa iliyopita alioga, akajifunga leso mpya, akajifukiza udi. Akaniita nimfundishe vile vitufe. Akasema, "Waambie wawashe jenereta, na iwe imetulia kabla ya alasiri." Nikafanya. Injini kwanza, globu, kisha mashine, kila kitu kama ulivyoandika. Akanitoa chumbani, akafunga mlango.

Kaka, sikuikumbuka adhana. Hilo ndilo linaloniuma. Muadhini alianza, na Jamaldin huko uani akafanya anavyofanya kila siku, akazima injini mara moja kwa heshima. Haoni chumba cha Mama kutoka pale, hakujua kwamba mashine yaenda, alidhani bado zawaka globu tu. Adhana ikaisha. Akangoja kidogo, akavuta kamba, injini ikapiga kelele kama imekasirika, na huku juu tukasikia pah! na harufu ya bakelaiti, ile plastiki ngumu ya mashine, ikiungua. Jamaldin alipanda ngazi mikono kichwani. Amekaa siku mbili hali vizuri, basi usimwandikie maneno makali, nimeshamwandikia mimi usoni.

Mama alifungua mlango macho yamejaa maji. Akasema, "Nimekwisha, mtumieni." Nyuma yake mashine yatoa moshi, naye alidhani ndivyo inavyomaliza kazi yake.

Mashine imekufa. Barnabas ameitazama, amesema chombo cha ndani cha kugawa umeme kimeyeyuka, na valvu zote. Tepu yenyewe ni nzima. Nilimwambia Mama tutafute mashine ya watu tusikilize kama maneno yameshika. Akakataa katakata. Asema hayo ni yake na mwanawe, asisikize mtu. Basi nakutumia kwa rejista, haikuguswa. Mungu ajaalie yamo.

Mwanatumu


Kuwait, 6 Februari 1968

Mwanatumu,

Tepu imefika jana.

Niliifunga kwenye mashine ya dukani baada ya wateja kuondoka. Mwanzo ilitoka sauti nyembamba, mbio mbio, ya msichana. Nikashtuka, nikadhani ni wewe. Kumbe ni ile injini yenu ilivyokuwa ikivivia, tepu ilizunguka polepole wakati wa kunasa, na huku ikipigwa kwa mwendo wake wa kawaida sauti yapanda. Nikaizuia kidogo kwa kidole kwenye gurudumu, nikaizuia tena, mpaka akatokea Mama. Mama mwenyewe, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kusema. Nikakaa chini sakafuni kati ya redio za watu.

Nakuandikia aliyosema, maana sasa hakuna siri iliyobaki. Alisema: "Zein, ni mimi mamako. Hao watoto waliwaosha nani? Uliwaosha wewe? Msichana huoshwa na wanawake, natumai walikuwapo wanawake. Mkeo ala? Mwanamke akizika mtoto huacha kula na hasemi. Mpikie uji wa mtama, utie samli, umkalie mbele mpaka amalize. Usimwache na watu wa kumwambia ana bahati mbaya." Nikasikia ushanga wa tasbihi ukigonga. Kisha akasema, "Na hilo la radhi zako, mwanangu, mimi..."

Hapo nyuma muadhini anaanza. Sauti ya muadhini ikapanda juu, ikawa nyembamba kama ya kifaranga, ikafifia, kwisha. Baada ya hapo ni ukanda mtupu. Nimeusikiliza mpaka mwisho, pande zote mbili.

Mimi nini? Mimi nimekuwia? Mimi siwezi? Niliwaandikia mashine itolewe kwanza! Niliandika hadi mkono ukauma! Watu wazima watatu ndani ya nyumba, hakuna aliyekumbuka kwamba adhana iko kila siku?

Msafara waondoka tarehe ishirini na mbili. Nimelipa, jina langu liko. Kwa hali hii siwezi kupanda. Mwulize Mama. Lakini sitaki maneno ya kalamu yako, nimekwisha kukwambia kwa nini. Tafuteni mashine nyingine, kodini, azimeni, mumnase tena. Fanyeni haraka.

Zein


Mombasa, 16 Februari 1968

Zein,

Nimesoma barua yako nikaiweka, nikaichukua tena, na sasa nina hasira, kwa hivyo salamu za wote nazikusanya hapa: wote wazima.

Wauliza ni nani asiyeweka saini. Ni mjomba Abdulghafur. Nyumba ni yake nusu na ya Mama nusu, na amesema hataweka mkono wake kwenye karatasi yoyote ya nyumba hii mpaka mtu amwombe radhi yeye na binti yake. Huyo mtu ni wewe. Sisi twakaa na vibatari kwa ajili yako, Mama apanda ngazi gizani na goti lile kwa ajili yako, na hakuna aliyekuandikia hilo ili usiumie. Ndiyo, kalamu yangu ina huruma. Umeila huruma hiyo miaka yote, leo waitukana.

Na kuhusu Jamaldin: ni kosa, amelikubali. Lakini hujui nusu yake. Nilimwuliza Mama kwa nini alitaka jenereta iwe tayari kabla ya alasiri. Akanishangaa. Akasema, "Kwani hujui? Baina ya adhana na ikama ya kusimamisha swala dua hairudishwi. Nilitaka radhi zake zitoke saa ile." Alikuwa amekusudia, Zein. Alikaa akisema habari za uji na watoto ili wakati ufike. Muadhini alipoanza akanyamaza katikati ya neno, kama Muislamu yeyote anavyonyamaza, akaitikia adhana mpaka mwisho, akaomba dua yake, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Hakujua mashine imekufa. Alisema yote mbele ya sanduku lililokuwa halina umeme.

Nilimwomba arudie. Nilimbembeleza, nilipiga magoti. Barnabas alikuwa tayari kuazima mashine ya mtu kazini kwao. Mama akasema, "Nimesema saa ile kwa sababu ni saa ile. Sasa niseme saa nyingine kwa sababu injini ilizimwa? Aliyekuwa wa kusikia alisikia." Hataki. Na nimemwelewa, ijapokuwa nilitamani kumtikisa.

Sasa nitakwambia jambo ambalo Mama hajui. Aliponitoa chumbani sikushuka. Nilikaa kwenye ngazi, nimeegemea mlango, na injini ilipozimwa nikaogopa kumkatiza. Nilisikia. Nayaandika kama yalivyotoka, sikuongeza la kukuliwaza wala sikupunguza. Wataka kuamini, amini. Hutaki, ni juu yako na Mola wako, mimi sina tepu nyingine.

Alisema:

"Nimekuwia radhi, Zein. Nimekuwia radhi duniani na akhera. Maziwa uliyonyonya kwangu ni halali yako, tone kwa tone. Hasira ilikuwa yangu, na nimeila mwenyewe, hukula wewe, hakula mkeo, na hawakula wale watoto. Usiniweke mimi ndani ya makaburi ya watoto wako. Sikuwahi kukuombea baya hata siku moja. Nilipokuwa silitaji jina lako mbele za watu, nilikuwa nalitaja kwenye sijida. Nenda kwa Mola wako huna deni langu. Ukipata mtoto mwingine wa kike mwite jina langu tena, usiliogope."

Kisha akalia. Halafu ndiyo ile pah.

Barua hii naipeleka posta mwenyewe, na najua huenda isikuwahi.

Mwanatumu


Kuwait, 4 Machi 1968

Dada yangu Mwanatumu,

Nakusalimu, namsalimu shemeji Jamaldin, na namwomba asahau maneno yangu. Mwambie nami nimeunguza mashine za watu, na mimi ndiye fundi. Mke wangu anakusalimu. Jina lake ni Bimdogo, sikuwahi hata kukutajia.

Barua yako haikuniwahi. Ilifika tarehe ishirini na sita. Msafara ulikuwa umeondoka, nami nilisimama barabarani nikaona magari yakipita, mtu mmoja akanipungia mkono akidhani nimekuja kumuaga. Mwaka huu sikwenda. Siku ya Arafa nitakuwa hapa dukani, nimefunga saumu.

Ndani ya bahasha hii mna barua ya mjomba Abdulghafur, na nyingine ndogo ya Khairiya. Nimewaomba radhi wote wawili, bila kujitetea. Tafadhali wapelekee kwa mkono wako. Kama watakufukuza, ngoja siku mbili urudi. Saini au hakuna saini, nitaandika tena.

Nimekutendea vibaya kwa yale niliyosema juu ya kalamu yako. Nilitaka kitu kisichoweza kunionea huruma, nikakipata, kikaniachia neno moja. Yaliyobaki yalikuwa ngazini, kwako. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza, niliitafuta huruma yako ndani yake ili niikatae. Sikuiona. Nilimsikia Mama.

Sasa kila siku baada ya alasiri, mimi na Bimdogo tunaketi. Naifunga tepu mashineni, naizuia kwa kidole mpaka sauti iwe yake. Bimdogo ameshayajua yote, hata yale ya uji huyasema pamoja naye, na siku hizi anakula. Tunafika pale Mama anaposema, "Na hilo la radhi zako, mwanangu, mimi..." Hapo nazima mashine, nachukua barua yako, nasoma kwa sauti, "Nimekuwia radhi, Zein," na naendelea mpaka mwisho.

Zein